Kijana wangu wa Kisumu ameahidiwa nafasi ya kikapu katika chuo cha miaka miwili Marekani: niulize nini kabla ya kutoa pesa?

Mama_wa_Manyatta, Kisumu

Hamjambo nyote. Naandika kwa ajili ya kifungua mimba wangu, mwenye umri wa miaka 18, ambaye alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, mwaka jana na kupata alama ya C+. Amecheza mpira wa kikapu tangu akiwa darasa la sita, kwanza katika uwanja wa saruji ulio nyuma ya kanisa letu hapa Manyatta, kisha katika timu ya shule yake ya upili, ambayo ilifika mashindano ya kanda ya Nyanza mara mbili. Yeye ni gadi, yaani mchezaji wa nyuma anayeongoza mpira, urefu wake ni futi 6 na inchi 2, na walimu wawili waliomnoa, ambao hawapatani katika mambo mengi, wanapatana kwamba kijana huyu humwona mwenzake aliye wazi kabla mwenzake mwenyewe hajajua kwamba yuko wazi.

Mwezi uliopita alipigiwa simu na bwana mmoja aliyesema kwamba ameona vipande vya mchezo wake mtandaoni, na kwamba kuna chuo cha miaka miwili huko Marekani, wenyewe huita JUCO, kinachomhitaji kuanzia Agosti kwa ufadhili kamili wa masomo. Ametutumia barua yenye nembo ya chuo na muhuri wa rangi ya samawati. Anataka shilingi 180,000 za kufungua faili, nusu yake ikiwa imelipwa kabla mwezi huu haujaisha. Fedha hizo hatuna mkononi. Tunaweza kuzipata kwa mkopo wa chama changu na kwa kuuza ng'ombe wawili wa mama mkwe kule Seme, na mama mkwe amekwisha kusema yuko tayari. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu mzee akitoa ng'ombe wake anatoa kwa imani, na tangu nisikie yaliyowapata wazazi wa Uasin Gishu katika mpango wa masomo ya Finland, waliolipa na wengi wa watoto wao wasisafiri, imani peke yake hainitoshi.

Naomba anayejua anieleze vyuo hivi ni vya namna gani, kama kweli vinalipia mtoto wa mtu kila kitu kwa sababu ya kikapu, na kama alama ya C+ inatosha. Aidha, kijana amepewa nafasi na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, katika chuo kikuu cha hapa nchini. Je, akienda kuanza huku akingoja, na akichezea timu ya chuo hicho, atakuwa ameharibu nafasi yake ya Marekani?

Gadi_wa_Lurambi, Kakamega

Mama, pokea salamu kutoka Kakamega. Nilicheza misimu miwili katika chuo cha aina hiyo huko Kansas, nikahamia chuo cha miaka minne, nikahitimu na kurudi, na siku hizi jioni nasaidia kufunza vijana hapa Lurambi. Kabla ya neno lolote lingine, nakuomba ng'ombe wabaki Seme.

Vyuo vyenyewe ni vya kweli, na njia hii ni ya kweli. Wengi tunamkumbuka Tylor Ongwae wa timu ya taifa alipofunga kikapu cha mwisho mjini Yaoundé, Februari 2021, Kenya ikaishinda Angola 74 kwa 73. Huyo alianzia Ranger College, chuo cha miaka miwili huko Texas, kabla ya kuhamia chuo kikuu cha Louisiana-Monroe. Hata Jimmy Butler wa NBA alipitia Tyler Junior College, katika jimbo hilohilo la Texas, kabla ya chuo kikuu cha Marquette. Kwa hiyo bwana huyo hajabuni kitu kisichokuwapo. Shaka yangu ni juu ya maneno mawili aliyokuambia, yaani "ufadhili kamili", kwa sababu maneno hayo yana maana katika vyuo vingine na hayana maana yoyote katika vingine.

Vyuo vingi vya miaka miwili vinavyoshindana viko chini ya chama kiitwacho NJCAA, kilichoanzishwa mwaka 1938, na katika kikapu chama hicho kina madaraja matatu. Chuo cha daraja la kwanza kinaruhusiwa kulipa karo, ada, vitabu, malazi na chakula, na hata nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Chuo cha daraja la pili kinaruhusiwa kulipa karo, ada na vitabu, lakini hakiruhusiwi kumlipia mchezaji malazi wala chakula kwa sababu ya mchezo. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa mchezo hata kidogo. Vyuo vya umma vya miaka miwili vya California viko nje ya NJCAA, vina chama chao, na navyo havitoi ufadhili wa michezo. Mwulize bwana huyo chuo kiko daraja gani, kisha usilichukue jibu lake kama lilivyo, bali mwambie kijana aingie katika tovuti ya NJCAA, ambako kila chuo mwanachama kimeorodheshwa pamoja na daraja lake kwa kila mchezo. Nasema kwa kila mchezo kwa sababu chuo kimoja kinaweza kuwa daraja la kwanza katika besiboli na daraja la pili katika kikapu.

Timu ya kikapu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 15 wenye barua ya ufadhili. Kwa kuwa mchezaji hukaa misimu miwili tu, karibu nusu ya timu huondoka kila mwaka, na kocha huanza kutafuta upya msimu unapokwisha mwezi Machi. Hapo ndipo mlango ulipo kwa mtoto wa Kisumu. Lakini sitakuficha kwamba gadi wa futi 6 na inchi 2 ni wengi mno Marekani, na kocha ana mamia ya vijana wa mji wake pamoja na wale wanaorudi kutoka vyuo vya miaka minne walikokosa dakika za kucheza. Atamchukua wa kwetu akiona kitu ambacho hakipati pale alipo. Kwangu mimi kilikuwa ulinzi: nilikuwa namkaba mtu uwanja mzima kwa dakika 30 bila kuchoka. Kwa mwanao huenda ikawa zile pasi. Barua zake zote zianze na hilo.

Namna nilivyopata nafasi ni ya kawaida sana, na haikunigharimu ila bando. Niliketi katika saiba moja mjini, nikafungua tovuti ya chuo kimoja baada ya kingine, nikatazama orodha ya wachezaji ili nijue nani anamaliza mwaka wa pili na kama kocha amewahi kuchukua wachezaji kutoka nje ya Marekani, kisha nikamwandikia kocha msaidizi barua pepe fupi kwa jina lake. Niliandika barua 63. Walionijibu walikuwa saba, wawili wakaomba mechi nzima, na mmoja akanitumia barua. Hakuna aliyeniomba hata senti. Chuo kinachomtaka mchezaji hakimtozi pesa za faili. Kunaweza kuwa na ada ndogo ya maombi, ambayo hulipwa kwa chuo chenyewe kupitia tovuti yake.

Kuhusu C+, alama hiyo haimzuii kuingia. Vyuo vingi vya miaka miwili humpokea yeyote aliyehitimu shule ya upili, ingawa vitataka cheti cha KCSE kikaguliwe na shirika linalolinganisha vyeti vya kigeni na vya Marekani, na vingine vitataka mtihani wa Kiingereza. Kazi huanza akishafika. Lazima asome angalau krediti 12 (vipimo vya uzito wa masomo) kila muhula, na kabla ya msimu wa pili awe amepata krediti 24 kwa wastani wa alama wa 2.0 kwa kipimo cha 4.0. Akitaka kuhamia chuo cha Daraja la Kwanza la NCAA, chama kikubwa cha michezo cha vyuo vya miaka minne, anahitaji wastani wa 2.5 katika masomo yanayohamishika, na hapa ndipo niliona Wakenya wenzangu wakikwama, kwa sababu walichagua masomo mepesi ambayo chuo kikuu hakikuyatambua. Mtu wa kumwona wiki ya kwanza ni mshauri wa masomo, hata kabla hajajua njia ya kwenda mazoezini.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ni zito kuliko unavyodhani. NCAA Daraja la Kwanza humhesabia mchezaji miaka mitano tangu siku anapojiandikisha kwa muda wote katika chuo chochote, hata kiwe cha hapa Kenya. Kijana akianza chuo kikuu hapa Septemba, saa imeanza kukimbia. Kuna kesi nyingi sasa huko Marekani kuhusu kama miaka ya JUCO ihesabiwe au la: mnamo Desemba 2024 hakimu mjini Nashville alimruhusu Diego Pavia, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, kuongeza msimu ingawa alikuwa ameanzia chuo cha miaka miwili, na tangu hapo mambo hayajatulia. Mimi nisingemshauri mtu apange maisha yake kwa kutegemea kesi ya mwingine. Kama nia yake ni Marekani, angoje nje ya chuo, afanye mazoezi na aandike barua.

Mwalimu_Kikapu, Bungoma

Ndugu yangu wa Lurambi amesema vyema, ila namwomba aniruhusu nitofautiane naye katika aya yake ya mwisho. Nimefunza kikapu shule za upili kwa zaidi ya miaka 15, na nimeona vijana watatu walioacha nafasi ya chuo kikuu hapa wakingoja barua ambayo haikuja. Mmoja wao alingoja miaka miwili. Mama, nafasi ya KUCCPS iko mkononi na ile ya Marekani bado ni sauti ya mtu katika simu. Binti yetu Madina Okot alichezea Zetech, chuo kikuu cha hapahapa Kenya, akaitwa na vyuo vikuu vya Marekani, Mississippi State na baadaye South Carolina, kwa hiyo kuanza nyumbani hakufungi mlango, kunapunguza tu muda. Nakubali kwamba si kila mtoto ana kimo cha Madina. Hata hivyo, kati ya kupoteza mwaka mmoja wa saa ya NCAA na kupoteza miaka miwili ya ujana barazani, mimi ningechagua la kwanza.

Nataka niongeze jambo moja ambalo naliona likiwaponza vijana wetu wa magharibi, hata wale wa shule zinazojulikana kwa kikapu kama Agoro Sare na Butere. Ni video. Wanatuma dakika mbili za vipande vilivyounganishwa kwa muziki, kila mtupo ukiingia, na kocha wa Marekani hajifunzi chochote kutoka kwa mitupo inayoingia. Anataka kuona kijana anafanya nini baada ya kupoteza mpira. Anarudi mbio kulinda, au anainua mikono na kumlaumu refa? Vipande vya dakika tatu vinatosha kumfungua kocha macho, lakini chini yake lazima kuwe na kiungo cha mechi nzima, robo zote nne, dhidi ya timu yenye nguvu, bila kukatwa.

Mechi hiyo isirekodiwe na rafiki aliyekaa benchi huku akishangilia. Simu iwekwe juu, pembeni mwa mstari wa katikati, juu ya ukuta au juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine, ilazwe kwa upana, na isogezwe polepole kuufuata mpira bila kuvuta picha karibu, ili wachezaji wote kumi waonekane. Mrekodi alipe jua mgongo, maana jua la saa kumi jioni likiingia kwenye kamera, wachezaji wote huwa vivuli. Jezi iwe na namba kubwa inayosomeka, na namba hiyo iandikwe katika barua.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho nilikijua baada ya kocha mmoja wa kule kunijibu kwa uungwana kwamba hakuweza kuona kama mipira ilikuwa inaingia. Niliitazama tena video ile na nikaona ana haki: ringi zetu hazikuwa na nyavu. Mpira ulipita katikati ya chuma kama unavyopita hewani, na kwa mtu aliye mbali, mpira uliopita ndani na uliopita mbele ya ringi ilifanana kabisa. Siku hizi ninabeba nyavu mbili za kamba ndani ya mkoba wangu wa mazoezi. Tunazifunga kabla ya mechi na kuzifungua baadaye, kwa sababu tukiziacha usiku mmoja tu hatuzikuti.

Na urefu wa kijana upimwe bila viatu, ukutani, kwa futi ya fundi. Kocha akiahidiwa futi 6 na inchi 4, akaenda kumpokea uwanja wa ndege mtoto wa futi 6 na inchi 2, uhusiano wao umeanza kwa uongo ambao kijana hakuhitaji kuusema.

Dada_wa_Lanet, Nakuru

Mama, mimi si mchezaji. Ni dada mkubwa wa kijana aliyepitia njia hii, nami ndiye niliyekuwa nikihesabu pesa, kwa hiyo nitasema juu ya hizo.

Mdogo wangu alipata barua halali kabisa, kutoka chuo halali, kocha halali, na tulifanya harambee tukiwa na furaha. Tuliposoma barua tuliona karo, ada na vitabu vimelipwa, tukadhani yaliyobaki ni madogo. Chuo kilikuwa cha daraja la pili. Malazi na chakula vilikuwa juu yetu, maelfu ya dola kwa mwaka, na hatukulijua hilo mpaka chuo kilipotuomba taarifa za benki. Hapa ndipo wazazi wengi hupotea: chuo hakiwezi kutoa fomu ya I-20, ambayo bila hiyo hakuna viza ya mwanafunzi, mpaka kiridhike kwamba gharama zote za mwaka wa kwanza zina mlipaji. Sehemu ambayo barua ya ufadhili haijaigusa lazima ionekane katika akaunti ya mzazi au mdhamini. Mjomba wetu alijitokeza kuwa mdhamini, na mpaka leo tunamlipa. Kwa hiyo usikubali neno "kamili". Mwambie kocha aandike, kwa dola, gharama ya mwaka mzima ni kiasi gani, chuo kinalipa kiasi gani, na nyinyi mnabaki na kiasi gani. Kocha mwaminifu hujibu swali hilo kwa siku moja.

Mwulize pia bima ya afya inalipwa na nani, kwa sababu bima ya timu aghalabu hugharamia majeraha ya mchezoni na si malaria wala jino. Mwulize Desemba kijana atalala wapi, maana mabweni mengi hufungwa wakati wa Krismasi na mdogo wangu alishinda wiki tatu nyumbani kwa mchezaji mwenzake, kwa watu waliomtendea wema ambao hatuwezi kuulipa, lakini ambao hatukuupanga. Na ujue kwamba barua ya ufadhili ni ya mwaka mmoja wa masomo. Kocha akihama, au kijana akiumia goti, mwaka wa pili hauna ahadi.

Gharama ambazo hamtaziepuka ni hizi: ada ya SEVIS, yaani mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ambayo ni dola 350, karibu shilingi 45,000, na ada ya maombi ya viza, dola 185, karibu shilingi 24,000. Zote hulipwa kwa njia rasmi, kwa jina la kijana, baada ya I-20 kufika wala si kabla. Mahojiano hufanyika ubalozini Gigiri. Tangu Juni 2025 waombaji wa viza ya mwanafunzi huambiwa waache akaunti zao za mitandao ya kijamii zikiwa wazi ili zikaguliwe, basi kijana azipitie mapema. Na akiulizwa anaenda kufanya nini, asijibu "kucheza kikapu" na kunyamaza. Viza ile ni ya masomo. Aweze kusema anaenda kusoma nini, kwa nini pale, na akimaliza atarudi kufanya nini.

Jambo la mwisho ni majina. Linganisha cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE na pasipoti leo hii, herufi kwa herufi. Katika cheti cha mdogo wangu jina la baba lilikosa herufi moja, na kulirekebisha kulitula wiki saba wakati tarehe ya kufungua chuo ilikuwa inakaribia. Kisumu mna ofisi ya uhamiaji karibu, msingoje barua ndipo muombe pasipoti.

Kuhusu bwana wenu: itazame anwani ya barua pepe iliyoleta ile barua. Vyuo vya Marekani huandika kutoka anwani zinazoishia na .edu. Na I-20 hutolewa na afisa wa chuo pekee. Hakuna wakala, hata awe mzuri namna gani, anayeweza kuitoa. Mkiwa na maswali ya viza na vyuo, ubalozi una ofisi ya EducationUSA jijini Nairobi ambayo hutoa ushauri bila malipo.

Mama_wa_Manyatta, Kisumu

Nawashukuru sana, na naomba radhi kwa kukaa kimya siku nne. Tulikuwa tunafuata mliyotuambia.

Kijana aliingia katika tovuti ya NJCAA nikiwa nimeketi kando yake. Chuo kilichotajwa katika ile barua kipo, na kina timu ya kikapu ya wanaume, na timu hiyo iko daraja la tatu. Tulisoma mara mbili. Barua inasema "ufadhili kamili wa mchezo", na daraja la tatu halitoi ufadhili wa mchezo. Nilipomtafuta yule bwana na kumwuliza, kwa heshima, alisema kwamba hayo ya madaraja ni mambo ya zamani, kisha akasema kuna kijana mwingine wa Siaya anayeitaka nafasi hiyo na kwamba tukichelewa mpaka Ijumaa itaenda. Anwani iliyoleta barua haiishii na .edu. Jioni ile nilimpigia mama mkwe nikamwambia asimtafute mnunuzi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama mtoto amevunjika moyo. Nikamwambia kidogo.

Alivunjika kwa siku mbili. Siku ya tatu alianza kuandika barua zake mwenyewe, akianza na pasi, kama alivyoshauriwa. Ameandika 19. Jana usiku kocha msaidizi wa chuo kimoja cha daraja la kwanza amemjibu kwa mistari minne: anataka mechi nzima, matokeo ya KCSE, mwaka wa kuzaliwa na urefu bila viatu. Hakutaja pesa. Najua ni mistari minne tu, na mwalimu wa Bungoma asidhani nimeisahau nafasi ya KUCCPS. Tumekubaliana nyumbani kwamba ikifika wiki ya mwisho kabla chuo hakijafunguliwa na hakuna barua kamili, atakwenda chuo kikuu, na saa ikimbie.

Shida yetu sasa ni mechi yenyewe. Timu ya mtaa itacheza Jumamosi ijayo saa tisa alasiri na vijana kutoka Nyalenda, hapahapa nyuma ya kanisa. Upande mmoja kuna ukuta wa darasa la Jumapili na upande wa pili ni wazi kuelekea ziwani. Ringi zote mbili ni chuma kitupu.

Gadi_wa_Lurambi, Kakamega

Mama, rekodini kutoka upande wa ziwani mkiutazama ukuta, maana saa hiyo jua litakuwa limeanza kuinamia ziwani na litakuwa mgongoni mwa mrekodi. Ukuta nyuma ya wachezaji utasaidia, hasa kama umepakwa rangi isiyofanana na jezi. Tafuteni gari la pikapu mrekodi asimame nyuma yake, au ngazi ya fundi na mtu wa kuishika. Kijana asicheze kwa ajili ya kamera. Acheze kama anavyocheza Jumamosi zote, na akipoteza mpira arudi kulinda. Simu iwe na chaji kamili na nafasi ya kutosha, kwa sababu mechi yangu ya kwanza ilikatika robo ya tatu.

Mwalimu_Kikapu, Bungoma

Jumamosi hiyo nina mkutano Maseno utakaokwisha saa sita. Nitapitia hapo kwenu kabla ya saa tisa nikiwa na zile nyavu mbili. Kijana atafute ngazi, tutazifunga pamoja, na kabla hajavaa viatu nitampima pale ukutani.